Mchukuzi Yumo Kichupa Kipi?

Najua mmenilaani wiki nzima. Mmoja wenu kanikamata kwenye foleni ya mkate, akanifokea mbele za watu: "Hivi wewe una mama kweli? Unamwachaje mama wa watu kashikilia kichupa juu ya jicho siku saba?"

Haya, yaishe. Hata yeye shingo imeshamuuma. Twende.

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti cha jikoni, kichwa kakilaza nyuma, jicho la kushoto kalipanua kwa vidole viwili. Mkono wa kulia umeshika kichupa cha kioo, urefu wake kidole gumba, kimepinduliwa mdomo chini. Mlangoni kasimama mkwe wake, fundi sanifu wa maabara, ambaye kazini wanamwita Matone kwa kuwa hajawahi kumwaga hata tone moja.

"Mamaaa!"

Mama mkwe hakushtuka sana. Akakitikisa kichupa, akangoja, akakitikisa tena. Kisha akakisogeza dirishani.

"Tupu," akasema kwa masikitiko. "Mwanangu kaniambia kwenye friza kuna dawa ya macho, nafungua, hamna kitu. Mmeuziwa hewa."

Dawa ya macho! Matone akashika fremu ya mlango.

Wewe uliyenunua gazeti leo kwa mara ya kwanza, sogea nikunong'oneze. Jana saa kumi jioni friza ya maabara ilikata roho. Ndani mlikuwa na vichupa viwili vya protini moja, ile ya binadamu inayobeba vitamini A kwenye damu. Kimoja kimenunuliwa ng'ambo, kimesubiriwa miezi mitatu, ndicho cha kulinganishia. Kingine kimetengenezwa hapo hapo maabara, jasho la mwaka mzima. Kutoa kitu maabara ni marufuku. Lakini mume wa Matone, fundi wa mafriji aliyeitwa kuifufua ile friza, alisema kifaa kitapatikana kesho; friza nyingine hakuna, na barafu ingeyeyuka usiku. Basi Matone akavitia vichupa kwenye kikasha cha barafu, akavificha mkobani, akaenda kuvilaza kwenye friza ya nyumbani, kando ya nyama ya mama mkwe. Friza yenyewe mlango wake unafungwa kwa kamba. Kinyozi hajinyoi.

Umeelewa? Vizuri. Turudi jikoni, kuna vitunguu na pilipili vinaungua.

"Mama, umekifungua hicho tu?"

"Hiki cha pili. Cha kwanza kile pale mezani. Nacho tupu. Kwani nyie huko kazini mnahifadhi utupu?"

Matone akatazama mezani. Kichupa cha kwanza kimekaa wazi karibu na jiko. Pembeni yake vifuniko viwili, chekundu na cha bluu, vimelala chali.

"Mama, si tupu! Unga wake ni kidogo mno, umekaukia kwenye kioo. Hata mwenye macho mazima hauoni."

Uso wa mama mkwe ukachanua. "Kumbe macho yangu mazima!"

"Mama, tafadhali. Usipumue."

"Nisipumue?"

"Ukipumua utaupeperusha. Bana pumzi, nije nivifunge."

Mama mkwe ni mbishi, lakini kwa mambo ya hatari hutii. Akavuta pumzi, akavimbisha mashavu. Matone naye akavimbisha mashavu, akaanza kunyata kuelekea mezani, hatua moja, hatua ya pili.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Akaingia mume mtu, taulo begani, bisibisi mfukoni.

"Mbona mmevimba mashavu? Mmegombana tena?"

Mashavu yakabaki vile vile. Akasogea mezani kuangalia kulikoni. Moshi wa pilipili ukampanda puani. Pua ikacheza. Matone akaiona inavyocheza, akatikisa kichwa kumkataza, akapunga mikono yote miwili.

"Ha..." akasema mumewe. "Haa..."

Usiombe kukutana na chafya ya fundi wa mafriji. Huyu mtu kavuta vumbi la nyuma ya mafriji miaka kumi na mitano. Ilipotoka, pazia lilitikisika, na kichupa cha mezani kikayumba, kikazunguka, kikasimama tena.

Matone akamrukia akambana pua kwa vidole, maana aliona ya pili inakuja. Wakawa wanasukumana pale, yeye kampa mama mkwe mgongo. Nyuma yake akasikia vifuniko vinalia kwi, kwi, tena na tena. Chafya ya pili ikapasuka hivyo hivyo kati ya vidole vyake. Kisha vikalia tena, kwi, kwi.

"Haya, nimeshavifunga," akasema mama mkwe. "Tusigombane asubuhi asubuhi."

Matone akageuka. Chekundu kimefungwa. Cha bluu kimefungwa. Akashusha pumzi hadi mabega yakalegea. Laiti angejua!

Saa mbili na nusu walikuwa kwenye pikapu ya fundi, watatu mbele, kikasha cha barafu mapajani kwa mama mkwe. Aligoma kubaki. Alitaka kukiona kwa macho yake hicho kitu kilichomfanya apigiwe kelele nyumbani kwa mwanawe.

"Vitamini A haitembei peke yake kwenye damu, Mama," Matone akamweleza. "Inahitaji kubebwa. Hii protini ndiyo mbebaji."

"Mchukuzi."

"Eeh, mchukuzi."

"Na huyu mchukuzi mmemtoa kwa mtu gani? Si mmemkata mtu?"

"Hatujamkata mtu. Maelekezo ya kumtengeneza ni ya binadamu, ila tuliwapa bakteria, wao ndio wanaofanya kazi."

Mama mkwe akakitazama kikasha. Akalishika jicho lake la kushoto.

"Bakteria si vijidudu?"

"Tunaisafisha protini, Mama. Vijidudu vinaondoka vyote."

"Nilitaka kujitia jasho la vijidudu jichoni!" Akamgeukia mwanawe. "Na wewe ndiye uliyeniambia dawa!"

"Nilisema kina mambo ya macho," akajitetea fundi. "Sikusema utie."

"Si dawa ya mtu yeyote," akasema Matone. "Ni ya utafiti wa maabara tu. Tunarekebishia vipimo vya damu vya kujua nani kapungukiwa vitamini."

Hapakuwa na muda wa zaidi. Saa nne kamili Bi Mkaguzi angefika kutoka kwa wafadhili. Angetazama kama mchukuzi wa maabara anabeba vitamini sawa na yule wa kununua. Akibeba, maabara inaendelea na Matone anapata ajira ya kudumu. Asipobeba, milango inafungwa mwisho wa mwezi. Miaka sita Matone alikuwa kwenye mikataba ya miezi mitatu mitatu. Miaka sita hawezi hata kuahidi kuchangia harusi ya mdogo wake, maana hajui mwezi wa nne atakuwa wapi. Leo ndiyo leo.

Alivirudisha vichupa kwenye barafu ya maabara dakika mbili tu kabla Profesa hajaingia.

Profesa ni mzee mwembamba, koti jeupe limepigwa pasi hadi linasimama lenyewe. Nyuma ya mgongo wanamwita Profesa Vifuniko. Jina kalitafuta mwenyewe. Siku moja karatasi ya jina ilibanduka kwenye barafu, akatoa amri: "Karatasi hubanduka, kifuniko hakibanduki!" Tangu hapo kila karatasi hung'olewa, na kitu hutambulika kwa rangi ya kifuniko chake. Chekundu ni cha kununua, cha bluu ni chetu. Vichupa vyenyewe mapacha, hata mama yao asingewatofautisha.

"Shikamoo, Mama," akamwamkia mama mkwe.

"Marahaba. Wewe ndiye unayemwajiri mkwe wangu miezi mitatu mitatu kama mpangaji?"

Profesa akakohoa, akakumbuka ana jambo chumba cha pili.

Saa nne Bi Mkaguzi akawasili. Mwanamke mfupi, miwani nene, jalada kubwa kwapani, hacheki. Mama mkwe akawekwa kwenye benchi la ukumbini. Fundi akajilaza nyuma ya friza iliyokufa, miguu tu inaonekana.

Matone akaanza kazi. Akavizungusha vichupa kwenye mashine ili unga wote ushuke chini. Akaviyeyusha kwa maji yake maalumu, taratibu, bila kutikisa, maana protini hii ukiitikisa inaharibika. Akaumaliza unga wote, wa chekundu bomba dogo la kioo la kushoto, wa bluu bomba la kulia. Kila bomba akalitilia vitamini A kiasi kile kile.

"Vitamini A ikiwa peke yake kwenye maji haina mng'aro wa maana," Profesa akamweleza Bi Mkaguzi. "Ikipata wa kuibeba, chini ya taa hii inang'aa. Zima taa, Matone."

Giza likaingia. Taa ya zambarau ikawashwa. Wakainama wote watatu.

Bomba la kushoto, kimya. Maji tu.

Bomba la kulia likang'aa! Mwanga wa bluu bluu, mpole, mpaka ukawamulika nyuso.

"Yetu!" Profesa akapiga kelele. "Yetu ndiyo inang'aa! Ya kununua imekufa! Tumewashinda waliotuuzia!" Akamkumbatia Matone, akakumbuka heshima, akamwachia, akakumbatia friza.

"Taratibu, Profesa," ikasema miguu ya fundi. "Sijafunga nati."

Bi Mkaguzi hakupiga kelele, lakini miwani yake ilisogea juu puani, na kwa watu kama yeye huko ndiko kucheka. Akafungua jalada. Karatasi mbili, ya maabara na ya ajira. Akaandika herufi mbili, kalamu ikakauka.

"Nileteeni kalamu nyingine."

Matone akatoka mbio. Meza ya ukumbini ilikuwa na kalamu, akaichukua, na karibu na meza ndipo alipoketi mama mkwe. Furaha ikamzidi, akamshika mikono.

"Mama, cha bluu kimewaka! Cha bluu kimeng'aa, Mama!"

Mama mkwe akafikiri kidogo.

"Cha bluu kipi?" akauliza. "Cha bluu cha sasa au cha bluu cha zamani?"

Matone akamwachia mikono.

"Unasemaje, Mama?"

"Mwanzo nilivifunga kama nilivyovikuta, ila kile kifuniko chekundu hakikukaza vizuri. Kikawa kinapwaya. Basi nikavibadilisha. Kitu kikipwaya mimi siwezi kukiacha, unanijua."

Matone akaketi kwenye benchi bila kukusudia.

Piga naye hesabu, msomaji. Kama vifuniko vilibadilishwa, basi kilichong'aa ni cha kununua. Na chao, jasho la mwaka mzima, ndicho kisichong'aa: unga wake umetoka na chafya ya mumewe, au hakikuwa kizima tangu mwanzo. Na nani anajua habari ya vifuniko? Yeye na mama mkwe, basi. Ndani kuna karatasi inangoja kalamu, na kalamu anayo mkononi. Akinyamaza sekunde kumi, miaka sita imekwisha.

"Matone!" Profesa akaita. "Unaitengeneza hiyo kalamu?"

Akainuka. Akaingia. Akampa Bi Mkaguzi kalamu. Bi Mkaguzi akaijaribu pembeni, ikaandika vizuri sana.

"Jina lako kamili?"

Matone akafungua mdomo.

"Msisaini," akasema. "Vifuniko vimebadilishwa."

Bi Mkaguzi akaishusha kalamu. Hata bisibisi nyuma ya friza ikanyamaza.

Akasema yote. Friza ilivyokufa, mkoba, nyumbani, nyama. Alipofika kwenye jicho la mama mkwe, Bi Mkaguzi alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Nyumbani?" Profesa sauti ikampasuka. "Mchukuzi wangu umemlaza na nyama?"

"Friza nzima ile, Profesa," ikajibu miguu. "Nimeitengeneza mwenyewe. Ila chafya ni mimi, hilo sikatai."

"Wewe nyamaza! Na wewe, Matone, huna kazi! Vua koti!"

Matone akaanza kufungua vifungo. Alitamani sakafu ipasuke immeze, lakini ilikuwa ya saruji na haikuwa na mpango huo.

"Ngoja," akasema Bi Mkaguzi. "Binti, ungenyamaza nani angejua?"

"Hakuna."

"Basi kwa nini umesema?"

"Kwa sababu vipimo vya wenzetu vitarekebishwa kwa hiki chetu," akasema Matone, machozi yakimlengalenga. "Kikiwa kibovu, mtoto aliyepungukiwa vitamini ataambiwa yuko salama. Atarudi nyumbani, ataanza kushindwa kuona gizani, na mama yake atasema mtoto mzembe, anajigonga gonga. Siwezi kulala na hilo. Bora nikose kazi."

 Profesa akaenda kusimama dirishani.

"Hakuna namna nyingine ya kuvitofautisha?" Bi Mkaguzi akauliza.

"Ingekuwepo," akajibu Profesa bila kugeuka, "kama unga usingeisha wote. Na kama karatasi zisingeng'olewa." Hapo akasita, maana alikumbuka amri ni ya nani.

"Basi aliyevifunga aingie."

Mama mkwe akaingia, mkoba kaukumbatia kifuani. Akamwona Matone na koti wazi, akaelewa bila kuambiwa.

"Mama," akasema Bi Mkaguzi, "sikiliza vizuri. Mkwe wako anasema ulibadilisha vifuniko mara moja. Kama ni mara moja, maabara hii imeshindwa na tunaifunga. Ni kweli?"

"Mara moja? Nani kasema mara moja?"

Profesa akageuka haraka hadi koti likapiga kelele.

"Nilivibadilisha," akasema mama mkwe, "sasa cha bluu nacho kikawa kinapwaya. Nikaona bora ya kwanza. Nikavirudisha."

"Mara mbili!" Profesa akaruka. "Vimerudi mahali pake! Kilichong'aa ni chetu! Matone, funga koti, funga koti!"

Lakini Matone hakufunga. Alikuwa anamtazama mama mkwe. Miaka tisa wamekaa pamoja, wamegombania sufuria, pazia na jina la mtoto, na hajawahi kumwona akimtazama kwa huruma namna ile. Moyo ukamwambia huyu mama anaweza kudanganya leo kwa ajili yake.

"Mama," akasema taratibu, "usinihurumie. Sema kilichotokea tu, hata kama ni kibaya."

Mama mkwe akaitazama mikono yake.

"Kichwa changu hakikumbuki," akasema mwishowe. "Lakini mikono yangu haisahau kazi. Nipeni kiti. Nipeni hivyo vichupa na vifuniko vyake. Na wewe mwanangu, toka huko chini, usimame pale pale uliposimama."

Kiti kikaletwa. Fundi akajikokota kutoka nyuma ya friza, vumbi hadi kwenye nyusi, akasimama karibu na meza. Matone akamshika pua kama asubuhi. Mama mkwe akalaza kichwa nyuma, akapanua jicho la kushoto kwa vidole viwili, akapindua kichupa kitupu juu yake. Kisha akainama mezani na kufumba macho, akaiachia mikono ifanye kazi yenyewe.

Hakuna aliyepumua. Hata Bi Mkaguzi alikuwa kavimbisha mashavu.

Kwi, kwi. "Nikavifunga," akasema mama mkwe. Kwi, kwi. "Nikavibadilisha."

Kwi, kwi. "Nikavirudisha."

Mikono ikatulia. Profesa akafumba macho kwa shukrani. Bi Mkaguzi akaiinua kalamu.

"Halafu," akasema mama mkwe, bado kafumba macho, uso umeanza kukunjamana, "halafu mwanangu akapiga chafya ya pili. Nikashtuka."

Na mkono wake wa kulia, polepole, ukaanza kukirudia tena kifuniko chekundu.